Dalali Hana Nyumba

Nakapanya, jioni, chini ya mkorosho. Kijana amekwishafunga begi. Kesho alfajiri anapanda basi kwenda Dar es Salaam.



MJOMBA: Utafikia wapi?

MPWA: Kwa rafiki, Mbagala, wiki moja tu. Kuna dalali amenitumia picha ya chumba cha elfu sabini. Anataka elfu ishirini anishikie.

MJOMBA: Umetuma?

MPWA: Bado.

MJOMBA: Afadhali. Si unawajua wale wa kangomba, wanaokuja na bakuli mlangoni kununua korosho wakati huna hata ya chumvi? Hawana shamba wala ghala, wanakula kwenye shida yako. Dalali naye hana nyumba. Anachouza ni habari kwamba chumba fulani kiko wazi.

MPWA: Sasa analipwa na nani? Mwenye nyumba?

MJOMBA: Wewe! Kodi ya mwezi mmoja, ndiyo mazoea ya Dar. Na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Piga hesabu: sabini mara sita, 420,000. Weka ya dalali, 490,000. Bado hela ya kuzungushwa, ambayo hairudi hata chumba usikipende.

MPWA: Korosho zote zimeishia hapo!

MJOMBA: Na chumba kimoja kinaweza kuwa na madalali watano. Aliyekupigia simu atadai, aliyekufungulia mlango atadai. Waache wagombane uani. Ya udalali usiitoe mpaka umuone mwenye nyumba mwenyewe, mwandikishane serikali ya mtaa, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Wapo wanaopokea hela za watu watatu kwa chumba kimoja, kisha simu haipatikani.

MPWA: Na chumba chenyewe nikikagueje?

MJOMBA: Nenda asubuhi, uone foleni ya choo. Uliza LUKU mnachangia wangapi. Halafu inama, tazama ukuta kule chini. Ukiona mstari wa tope umefichwa kwa rangi mpya, maji yanakijua chumba hicho. Mimi sikuinama. Mstari wangu niliuona masika, godoro likielea.

MPWA: Hakuna njia ya kumkwepa huyu dalali?

MJOMBA: Ipo, ila ina jua. Tembea mitaani, uliza mama ntilie, uliza wa genge. Mpangaji akitaka kuhama, wao wanajua kabla ya dalali.

MPWA: Kwani serikali haipangi bei?

MJOMBA: Nilipokuwa mpangaji ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984. Ikafutwa 2005. Sasa ni maelewano yenu. Na dalali hali kwa mtu aliyetulia, anakula watu wakihama. Miezi sita ikiisha, mwenye nyumba akakuita kibarazani akasema kodi imepanda, basi kuna dalali keshamnong'oneza kwamba yupo mtu wa elfu tisini.