Cassius na Kaizari: Usomaji kutoka Mutomo

Katika Juliasi Kaizari (1969), tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Cassius hampingi Kaizari kwa hoja ya sheria. Anakumbuka alivyomwokoa asizame katika mto Tiber, kisha anashangaa mtu huyo kugeuzwa mungu. Huo ni wivu. Ila ndani yake mna ukweli.

Msomaji wa Mutomo ana nafasi nzuri ya kuuona. Akamba wa jadi hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee. Hofu ya wala njama juu ya taji haihitaji maelezo huko. Anayehitaji maelezo ni Brutus, ampendaye Kaizari na bado akamchoma kisu. Mnamo Januari 1964 askari waliasi dhidi ya serikali ya mtafsiri mwenyewe.