Kutoka Barafu hadi Ukame: Kipindi cha Permia katika Bonde la Ruhuhu

Kipindi cha Permia ni kipi, na mkazi wa Lundo anaweza kuiona wapi miamba yake?

Permia ni kipindi cha mwisho cha enzi ya Paleozoiki, kilichoanza takriban miaka milioni 299 iliyopita na kumalizika takriban miaka milioni 252 iliyopita, na jina lake lilitolewa mwaka 1841 na mwanajiolojia Roderick Murchison kutokana na eneo la Perm nchini Urusi. Mawe yanayochomoza kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, huko Lundo na Liuli, si ya kipindi hicho, kwa kuwa hayo ni miamba ya msingi, iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo zamani zaidi. Permia huanza kuonekana mtu anapoelekea kaskazini hadi Lituhi na kuufuata Mto Ruhuhu kuelekea bara, au anapopita Mbinga na kushuka upande wa Ngaka, ambako mashapo, yaani mchanga, matope na changarawe zilizotuama na kugeuka mwamba, yamehifadhiwa katika mabonde yaliyodidimia kwa mipasuko ya ardhi. Ziwa Nyasa lenyewe halikuwapo wakati huo. Ufa unaolibeba ulifunguka baada ya mamilioni mengi ya miaka kupita.

Inawezekanaje kusini mwa Tanzania kuwahi kuwa na barafu?

Afrika ilikuwa sehemu ya Gondwana, bara kubwa lililojumuisha pia Amerika Kusini, India, Australia na Antaktika, na nchi inayoitwa leo Ruvuma ilikuwa kusini zaidi, mbali sana na ikweta. Ushahidi uko katika tabaka za Idusi, zilizo chini kabisa katika mpangilio ambao mwanajiolojia G. M. Stockley aliuchapisha mwaka 1932. Humo mawe makubwa na madogo, yenye kona na ya mviringo, yamekaa pamoja ndani ya matope laini bila mpangilio wowote wa ukubwa. Mto hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu maji hutua kwanza mawe mazito kisha hupeleka matope mbali, ilhali barafuto, yaani barafu nene inayotambaa taratibu juu ya nchi, hubeba kila kitu na kukiacha mahali pamoja inapoyeyuka.

Makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma yalitokana na nini?

Barafu iliporudi nyuma, mabonde yaliyokuwa yakididimia yalijaa vinamasi, na hapa inafaa kusahihisha dhana iliyozoeleka kwamba kila makaa hutokana na msitu wa joto. Vinamasi hivi vilikuwa katika nchi yenye ubaridi na unyevu, na mmea uliotawala ni Glossopteris, mti ambao jani lake lina umbo la ulimi, mshipa mmoja mnene katikati na mishipa myembamba inayoungana kama wavu pande zote mbili. Mimea ilipokufa, maji yenye oksijeni kidogo yaliizuia isioze upesi, ikarundikana, ikafunikwa na mashapo mapya, na joto la chini ya ardhi likafukuza maji na gesi hadi kaboni ikabaki kwa wingi. Tangu uchimbaji wa kibiashara uanze Ngaka mwaka 2011, makaa hayo yamehesabiwa kwa tani. Lakini tabaka za udongo mgumu zilizo kati ya mikanda ya makaa, ambamo alama za majani huweza kuhifadhiwa, zinastahili kuchunguzwa kabla ya kumwagwa kama kifusi, maana jani moja lililotimia hueleza hali ya hewa ambayo tani elfu za makaa haziwezi kuieleza.

Wanyama walikuja lini, na walikuwa wa namna gani?

Kadiri Gondwana ilivyosogea na dunia kupata joto, vinamasi vilipisha mito na mabwawa ya nchi yenye msimu mrefu wa kiangazi, na katika tabaka za Usili, za mwisho wa Permia, ndipo mifupa inapopatikana kwa wingi. Dikinodonti, walaji majani wenye mdomo kama wa kobe na mara nyingi pembe mbili za meno, walikuwa wengi kuliko wote, na waliwindwa na gorgonopsi, wenye meno marefu ya kuchania. Makundi haya mawili si dinosaria wala mababu zao. Yanahusiana na ukoo uliozaa mamalia, na kwa hiyo yako karibu zaidi na binadamu kuliko na mamba wa Ruhuhu. Palikuwapo pia Peltobatrachus, amfibia aliyevaa magamba ya mifupa kama kakakuona.

Anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi, hata hivyo, ni mdogo kuliko wote hao: Kawingasaurus, dikinodonti mwenye fuvu pana lililoshikana imara, aliyeishi kwa kuchimba chini ya ardhi, na ambaye chumba cha sikio lake la ndani kilipanuka kupita kiasi, jambo linaloashiria kwamba alihisi mitikisiko iliyopita katika udongo.

Kwa nini wengi wao walitoweka?

Mwishoni mwa Permia volkeno za Siberia zilimwaga lava na hewa ya ukaa kwa wingi, dunia ikapata joto kali, bahari zikapungukiwa oksijeni, na viumbe wengi wa baharini na wa nchi kavu wakaangamia. Tabaka za Manda, zilizo juu ya Usili, ni za Triasiki, kipindi kilichofuata, na wanyama wake kwa sehemu kubwa ni wengine, akiwamo Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria, aliyetangazwa mwaka 2010.

Mifupa hiyo iko wapi leo, na anayeiona ardhini afanye nini?

Sehemu kubwa ya iliyokusanywa miaka ya 1930 na mtafiti F. R. Parrington iko Cambridge, na iliyokusanywa na mtafiti Ernst Nowack iko Tübingen, Ujerumani. Wanakijiji wa kando ya Ruhuhu ndio wanaopita kila siku mahali ambapo mvua hufukua mipya, nao wanastahili kuona sura za wanyama hao katika shule zao. Anayekuta mfupa uliogeuka jiwe asiubandue, kwa sababu mfupa uliotolewa kwenye tabaka lake hupoteza umri wake pamoja na mazingira yake. Inatosha kupiga picha yenye kitu cha kuonyesha ukubwa, kuandika jina la korongo, na kuijulisha ofisi ya kijiji ili taarifa ifike kwa wataalamu wa mambo ya kale.