Somo la Juma: Tuchange Kabla ya Msiba

Maandiko: 1 Wafalme 19:1–8, 1 Wakorintho 16:1–4, 2 Wakorintho 8:18–21

Sisi watu wa ugenini tunajua kuchanga. Ukitangazwa msiba, kabla jua halijazama daftari limeshajaa majina. Lakini ndugu aliye hai, asiyelala usiku kwa mawazo, aliyeacha kuja ibadani na hapokei simu, tumemchangia nini? Juma hili tunaanza changizo la huduma ya afya ya akili katika mtaa wetu. Kabla ya kutoa, tujifunze.

1. Mungu hakumkemea Eliya
Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka mlimani Karmeli. Hata hivyo, siku chache baadaye aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Basi tusimwambie mgonjwa, "Wewe omba tu." Tumwombee, na tumpeleke kwa daktari.

2. Nauli huokoa maisha
Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilitaka kumleta hospitali, ila ilikosa nauli ya basi. Daktari akaona kwamba kumngoja mgonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, wenye watu wengi wa kipato kidogo, alianza na bibi 14. Walifundishwa kuketi na mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Je, si ndiyo "mawazo" yetu?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573. Baada ya miezi 6, kati ya waliohudumiwa kwenye benchi, asilimia 14 tu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya wenzao waliopata huduma ya kawaida, ilikuwa asilimia 50.

Kwa hiyo asitokee wa kusema, "Dola zangu kumi zitafanya nini?" Zitalipa nauli ya kwenda kliniki. Zikiungana na za wengine, zitamlipa mkalimani, ili mama asitafsiriwe siri zake na mtoto wake mwenyewe. Zitawafundisha wazee wetu kusikiliza.

3. Fedha ionekane, mgonjwa afichwe
Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri ya alivyofanikiwa. Tena hakubeba fedha peke yake, ili pasiwepo lawama. Nasi tufanye vivyo hivyo: watu wawili wahesabu pamoja, na matumizi yasomwe mbele ya kanisa kila mwezi. Lakini majina ya wanaosaidiwa yasisomwe kamwe, hata katika maombi. Mtu akisikia jirani yake ametajwa, yeye hatakuja.

Changizo hili halingojwi na aliye hatarini leo. Ukiwa hapa Marekani, piga 988 saa yoyote, bila malipo. Unaweza kuomba mkalimani. Usimwache mwenzako peke yake.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Nyumbani kwetu tulizoea kumwitaje mwenye ugonjwa wa akili? Majina hayo yalimsaidia au yalimfungia mlango?
2. Ni nani hatujamwona ibadani mwezi huu? Nani atamtembelea?
3. Familia yetu inaweza kuweka kiasi gani kila Jumapili bila kujiumiza?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, utupe masikio ya kusikiliza na mikono isiyofumba. Amina.