Mizabibu na Kipimo cha Mbolea

Katika mkoa wa Dodoma mizabibu hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa sababu hiyo ardhi haipumziki, na wakulima huuliza: mzabibu upewe mbolea ya chumvichumvi kiasi gani? Sisi twaona kwamba kabla ya kununua mfuko, hapana budi kuutazama udongo.

Chakula tunachokinena ni naitrojeni, ambayo hukuza majani na machipukizi. Tani moja ya zabibu huondoa shambani naitrojeni kama kilo 2 tu. Basi ekari iliyotoa tani 4 imepoteza kilo 8 hivi kwa matunda, na mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Majani na matawi nayo hutaka fungu lao, lakini yakirudishwa udongoni hulipa sehemu ya deni. Walimu waweza kuifanya hesabu hii ubaoni.

Sasa twaa udongo wenye unyevu, uufinyange kwa vidole. Ukimomonyoka, ni wa kichanga. Huo haushiki naitrojeni. Mvua kubwa huizamisha chini kupita mizizi, na fedha ya mkulima huenda pamoja nayo. Hapo mbolea igawanywe mafungu madogo: moja machipukizi yakiisha kutoa majani, jingine maua yakiisha kuwa matunda. Samadi iliyooza hufaa sana, kwani hushika maji na kutoa chakula polepole.

Ukinyoshwa ukawa kama utepe, ni wa mfinyanzi. Huo hushika chakula zaidi, na ukiwa na mboji nyingi huulisha mzabibu wenyewe, hata pengine mfuko usihitajiwe kabisa. Lakini maji yakituama, kama katika mbuga za bondeni, vijidudu hugeuza naitrojeni kuwa hewa ikapotea. Dawa yake ni mfereji, si mfuko wa pili.

Yurea yoyote ifukiwe. Ikiachwa juu ya ardhi yenye joto, hasa ya chokaa, nyingi hupaa hewani.

Twamjua mkulima mmoja aliyefanikiwa katika kichanga, akatia kiasi kile kile katika shamba lake la bondeni lenye mboji. Majani yakanawiri hata wapita njia wakamsifu. Chini ya majani hayo jua halikupenya. Vishada vikashikwa na ukungu, na msimu uliofuata matawi yaliyokulia kivulini yakatoa maua machache. Alikuwa amenunua hasara yake mwenyewe kwa fedha taslimu.

Mzabibu wenye njaa ya naitrojeni huonyesha: majani ya zamani, yaliyo chini, hupauka kwanza. Lakini yakiwa manjano majani machanga ya juu, na mishipa yake ikabaki kijani, aghalabu kilichopungua ni madini ya chuma, nayo yurea haitaponya kitu.