Bwawa Limekamilika: Mshauri wa Nishati Ana Kazi Gani Delta?

Msomaji wa Kibiti, mhitimu wa shahada ya mazingira, anauliza kama ni busara kukataa nafasi ya ukarani aliyotafutiwa na mjomba wake Dar es Salaam ili awe mshauri wa taasisi katika nishati jadidifu, yaani nishati ya vyanzo visivyokwisha kama jua, upepo na maji. Mjomba anashikilia kwamba Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, hivyo mshauri wa aina hiyo hatapata mteja.

Hoja ya mjomba ina uzito. Bwawa hilo la Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha mikoa, Februari 2024. Hata hivyo umeme huo husafirishwa kwanza hadi Chalinze kwa njia ya kilovolti 400, na kuufikisha katika vitongoji vya delta ya mto huo, vilivyotenganishwa na mikono ya mto na mikoko, ni kazi nyingine yenye gharama zake. Zahanati, shule na vikundi vya wavuvi wa kamba vya huko vitaendelea kuhitaji sola, na zaidi ya sola vitahitaji mtu wa kuvipigia hesabu kabla havijanunua chochote.

Hesabu hiyo ndiyo ukaguzi wa nishati, yaani kupima umeme unaotumika, saa unapotumika na kazi unayofanya. Jokofu la samaki likila uniti 2 kwa siku, paneli za wati 500 katika siku yenye saa 4 za jua kali huzalisha uniti 2 kwa karatasi tu, kwa sababu sehemu yake hupotea katika joto, nyaya na betri. Kikundi kilichouziwa kiasi hicho kimeuziwa hasara, na wakati wa masika kamba wataoza. Mshauri mzuri huuliza pia betri zitakaa wapi maji yakipanda kama yalivyopanda Rufiji na Kibiti Aprili 2024, na nani atachangia fedha za betri mpya za zamani zikichoka.

Uendelevu, yaani matumizi yasiyowanyima wajao, unadai uangalifu zaidi. Delta ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji-Mafia-Kilwa, iliyoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mikoko yake ni hifadhi ya serikali. Kwa hiyo anayewaahidi wanakijiji fedha za biashara ya kaboni, yaani malipo ya kutunza misitu inayohifadhi hewa ukaa, iliyowekewa kanuni Tanzania mwaka 2022, bila kueleza kwanza nani ana haki ya msitu huo, anawatia watu wanyonge katika hatari kubwa.

Ukarani upokelewe kwa muda, kwa kuwa ushauri hauanzi kulipa mapema, na muda huo utumike kujifunza ufundi wa sola katika chuo cha ufundi stadi cha VETA na kufuata masharti ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ya kusajiliwa kama mtaalamu wa mazingira. Kamisheni ya wauza paneli isipokelewe kamwe, maana mteja hataweza tena kuiamini hesabu. Barua ya kwanza aandikiwe mganga mfawidhi wa zahanati moja ya delta, ikiomba ruhusa ya kupima matumizi ya wiki moja bila malipo, na matokeo yake mjomba aonyeshwe.