Kemia ya Rangi Katika Uzi: Kazi ya Ethel Mairet

Mtu atazamapo zulia au nguo ya kale katika jumba la makumbusho, aghalabu huelezwa jina la aliyechora nakshi zake, au la mtawala aliyeagiza ifumwe. Ni nadra kutajiwa jina la aliyezitia rangi nyuzi. Walakini rangi ndiyo ionekanayo kwanza, na uimara wake ndio unaoamua kama kazi itadumu karne kadhaa au itapauka baada ya miezi michache. Makala haya yanaeleza ujuzi huo kwa kufuata kazi ya Ethel Mairet wa Uingereza.

Maisha yake

Ethel Partridge alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Barnstaple. Baba yake alikuwa mwuza dawa. Mwaka 1902 aliolewa na Ananda Coomaraswamy, mtaalamu wa miamba, na mwaka uliofuata wakaenda Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Huko walichunguza kazi za mafundi wa vijijini. Kitabu kilichotokana na uchunguzi huo kilitolewa mwaka 1908 kwa jina la mume, ingawa picha zilizopigwa na Ethel zilitumika humo.

Baada ya ndoa hiyo kuvunjika, Ethel alijitia katika ufumaji na utiaji rangi. Mwaka 1913 aliolewa na Philip Mairet, na mwaka 1916 alitoa kitabu chake mwenyewe kuhusu rangi za mimea. Wakati huo ujuzi huo ulikuwa ukitoweka Uingereza. William Henry Perkin alikuwa amevumbua rangi ya kwanza ya viwandani mwaka 1856, na mwaka 1897 nili ya viwandani ilianza kuuzwa kutoka Ujerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914, Uingereza, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya rangi zake kwa Wajerumani, ilipungukiwa. Mairet alikusanya maarifa ya kale, akayajaribu, akaandika uzani na muda wa kila hatua. Baadaye aliwafundisha wafumaji wengi katika karakana yake kijijini Ditchling, hadi alipofariki mwaka 1952.

Rangi hushikaje?

Sufu ni protini. Katika molekuli zake yamo makundi ya atomu yenye tabia ya asidi na mengine yenye tabia ya besi. Rangi nyingi za mimea hazishikamani vema na makundi hayo, hivyo hutoka nguo ifuliwapo. Kwa sababu hiyo mtia rangi huuchemsha uzi kwanza pamoja na shabu, ile itumiwayo kusafishia maji. Ioni za alumini zilizomo katika shabu hujifunga kwenye sufu upande mmoja, na kwenye rangi upande wa pili, zikawa kama daraja.

Daraja likibadilika, rangi nayo hubadilika. Alizarini, itokayo katika mizizi ya mmea Rubia tinctorum, hutoa wekundu ikiunganishwa na alumini, na zambarau iliyokoza ikiunganishwa na chuma. Pamba ni selulosi, haina makundi yale ya protini. Kwa hiyo huandaliwa kwanza kwa tanini, kama ile iliyomo katika magome ya mikoko.

Nili hufuata njia nyingine. Haiyeyuki katika maji. Hapana budi ipewe elektroni katika maji yenye alkali, ndipo iyeyuke na kugeuka rangi ya manjano-kijani. Uzi utolewapo chomboni, oksijeni ya hewani huirudisha nili katika hali yake ya kwanza, na uzi hugeuka buluu mbele ya macho.

Jaribio la darasani

Andaa mafungu matatu ya nyuzi nyeupe za sufu, kila moja gramu 10, yaliyofuliwa kwa sabuni. Usitumie sufuria ya kupikia chakula.

1. Fungu A lisitiwe dawa. Mafungu B na C yapashwe moto kwa saa moja, bila kutokota, katika maji lita 2 yenye gramu 3 za shabu.
2. Chemsha gramu 30 za maganda makavu ya vitunguu katika maji lita 2 kwa saa moja, kisha chuja na uache maji yapoe.
3. Tia mafungu yote humo, upashe moto polepole kwa dakika 45. Usihamishe sufu ghafla kutoka maji moto hadi baridi, kwani itanywea.
4. Chovya fungu C kwa dakika 10 katika maji ya uvuguvugu yenye gramu 0.2 za salfeti ya chuma.
5. Suuza yote, yakauke. Funika nusu ya kila fungu kwa karatasi nene, uyaache juani wiki mbili.

Kila mwanafunzi aandike uzani, muda na matokeo, kisha atie jina lake. Mafundi wengi hodari wametoweka pamoja na ujuzi wao kwa kuwa hakuna aliyeandika walichokijua.

Maswali

1. Kwa nini fungu A ni la lazima katika jaribio hili?
2. Ni fungu lipi lililopauka zaidi? Eleza sababu.
3. Mtafute fundi wa rangi, ufinyanzi au ususi karibu na shule. Andika jina lake, malighafi zake, na hatua moja ya kazi yake inayoweza kuelezwa kwa kemia.