Kutoka *Le Mandat* hadi *Mandabi*: Suala la Lugha katika Filamu Inayoipiku Novela Yake

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi imezoeleka kuamini kwamba filamu iliyotokana na kitabu ni kivuli tu cha kitabu hicho. Hoja inayotolewa ni kuwa kitabu kina nafasi ya kuyachimbua mawazo ya wahusika, ilhali filamu hulazimika kupunguza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo haisimami kila mahali. Mfano unaochunguzwa ni *Mandabi*, filamu ya mwaka 1968 ya Sembène Ousmane wa Senegal (1923–2007), iliyotokana na novela yake mwenyewe, *Le Mandat*, ya mwaka 1966. Mfano huu una manufaa ya pekee kwa kuwa mtunzi na mwongozaji ni mtu mmoja. Tofauti ya ubora haiwezi kuelezwa kwa kudai kwamba mmoja ana kipaji kumzidi mwenziwe; haina budi kutafutwa katika vyombo vyenyewe, na hasa katika lugha.

2.0 Kisa

Ibrahima Dieng ni mtu mzima asiye na kazi, anayeishi Dakar na wake zake wawili, Mety na Aram, pamoja na watoto wao. Mpwa wake Abdou, aliyeko Paris, anamletea hawala ya faranga 25,000. Kati ya hizo, 2,000 ni za Dieng, 3,000 ni za mama yake Abdou, na 20,000 ni akiba ya Abdou mwenyewe. Hata hivyo habari zikishaenea, wakopaji wanafurika nyumbani. Posta inadai kitambulisho. Kitambulisho nacho kinadai cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Na cheti kinadai tarehe ya kuzaliwa, ambayo Dieng haijui. Mwishowe anampa hati ya uwakilishi Mbaye, mtu aliyesoma, ambaye anazichukua fedha zote na kudai kwamba ameibiwa. Kiini cha kisa hiki ni kilekile katika kazi zote mbili.

3.0 Lugha katika Novela

Novela imeandikwa kwa Kifaransa. Dieng hawezi kusoma lugha hiyo, lakini mawazo yake na magomvi yake ya nyumbani yote yanamfikia msomaji kwa Kifaransa fasaha. Maneno machache ya Kiwolofu yamepenyezwa, ila yanakaa katika sentensi mithili ya wageni. Kwa sababu hiyo, ukutani panapomgonga Dieng hapaonekani. Kwenye ukurasa, yeye na karani wa posta wanasema lugha moja. Msimulizi inambidi atuarifu kwamba mmoja wao hakuelewa. Tunaambiwa juu ya kutengwa kwake, lakini hatukusikii.

Tatizo la pili ni la hadhira. Watu wa aina ya Dieng, ambao kisa kinawahusu, hawakuweza kukisoma. Sembène alilitambua jambo hili mapema, na ndilo lililomsukuma kwenda kujifunza utengenezaji wa filamu Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960.

4.0 Lugha katika Filamu

Katika *Mandabi* wahusika wanasema Kiwolofu nyumbani, dukani na msikitini. Kifaransa kinasikika pale penye madaraka: ofisini na midomoni mwa waliosoma. Mtazamaji hahitaji kuelezwa mpaka uko wapi, kwa kuwa anausikia ukivukwa. Karani anapobadili lugha mbele ya Dieng, mabadiliko hayo yenyewe ni tendo la kumfungia mlango.

Mfano wa pili ni barua ya Abdou. Dieng analazimika kusomewa na mwandishi wa barua anayelipwa. Wakati maneno yakisomwa, picha zinamwonyesha Abdou akifagia mitaa ya Paris. Hivyo mtazamaji anapata kwa pamoja sauti ya barua na jasho lililoizaa ile hawala. Maandishi yangelazimika kuvileta viwili hivi kimoja baada ya kingine.

Mfano wa tatu ni jina la filamu. Neno la Kifaransa *mandat* limetoholewa na kuunganishwa na *bi*, kibainishi cha Kiwolofu kinachofuata nomino. Utaratibu huu haumshangazi mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ililipokea neno la Kiarabu *kitabu*, ikaichukua silabi *ki* kuwa kiambishi cha ngeli, na kupata wingi *vitabu*. Karatasi ya kigeni imepewa sarufi ya wenyeji, ingawa ofisi haijawapa wenyeji fedha zao.

5.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba ubora huu unatokana na picha wala si lugha. Pingamizi hilo linajibiwa na historia ya filamu yenyewe. Fedha za Ufaransa zilizosaidia kuitengeneza zilikuja na sharti la lugha, na Sembène akapiga matoleo mawili, moja la Kiwolofu na jingine la Kifaransa. Katika toleo la Kifaransa kisa ni kilekile, lakini mpaka uliofafanuliwa hapo juu unafifia tena kama ulivyofifia katika novela. Kwa hiyo picha pekee hazitoshi.

Ni kweli pia kwamba filamu imepoteza kitu. Kejeli ya msimulizi, anayemcheka Dieng kwa majivuno yake huku akimhurumia, ni nzito zaidi katika novela. Hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na faida.

6.0 Hitimisho

Filamu huipiku kazi ya maandishi pale inapokipa kisa kitu ambacho kisa chenyewe kilikihitaji na maandishi yakashindwa kukitoa. Kwa Dieng, kitu hicho kilikuwa lugha yake. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi nzuri ya kuendeleza uchunguzi huu, kwa kuwa Amandina Lihamba alikigeuza kisa hiki kuwa tamthilia, *Hawala ya Fedha*, mwaka 1980. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili husikika mtaani na ofisini pia, mpaka wa lugha hauwezi kubaki ulivyokuwa Dakar. Swali linalofaa kuulizwa darasani ni hili: raia na karani wanapozungumza lugha moja, ukuta unaowatenga hujengwa kwa nini?